Kwenda Luxembourg Ukitokea Mbeya au Iringa: Karatasi, Koti na Njia za Miguu

Luxembourg ina kilomita za mraba 2,586 tu. Mkoa wa Iringa peke yake ungeimeza zaidi ya mara kumi. Kutoka ncha ya kaskazini hadi ncha ya kusini ni kilomita 82, kama kutoka Iringa mjini hadi Mafinga, na watu wake hawafiki 700,000. Ndani ya eneo hilo kuna ngome iliyochimbwa ndani ya mwamba, makasri juu ya vilima, abasia (makao ya watawa) iliyoanzishwa mwaka 698, na misitu ambamo mawe yamesimama kama kuta za nyumba. Tangu 2020 mabasi, tramu na treni za ndani ya nchi ni bure, kwa mwenyeji na kwa mgeni. Anayelipa ni yule anayekaa daraja la kwanza la treni.

Udogo na usafiri wa bure ndivyo vinavyoamua safari ipangwe vipi. Chukua malazi sehemu moja, kaa siku saba, toka asubuhi, rudi jioni. Wanaoipachika Luxembourg siku moja kati ya Paris na Amsterdam huona daraja moja na maduka ya chokoleti, halafu wakirudi husema nchi haina kitu. Kazi ngumu ya safari hii haiko kule. Iko huku, kwenye karatasi, na inataka miezi minne.

Viza hufuata usiku unaolala

Utaomba viza ya Schengen ya muda mfupi, yaani viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya zilizokubaliana kufungua mipaka kati yao. Maombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, kwa nchi utakayoingia kwanza. Hapa watu hujikwaa. Ukiandika usiku wanne Luxembourg na usiku watano Ufaransa, maombi yako si ya Luxembourg tena, na yatakataliwa kupokelewa au yatachukuliwa kuwa umeficha nia. Kwa hiyo hesabu usiku kabla ya kujaza fomu. Luxembourg haina ubalozi Tanzania. Nchi nyingine ya Schengen hupokea maombi kwa niaba yake. Tazama kwenye tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Luxembourg ni ubalozi upi, kisha weka miadi.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Walio chini ya miaka 6 hawalipi. Ada hairudishwi hata ukikataliwa. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na siku 15 kabla ndiyo mwisho. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu hadi 45, kwa hiyo peleka maombi miezi miwili au mitatu kabla. Mwombaji wa mara ya kwanza huenda mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole, maana yake safari ya Dar es Salaam. Siku hiyohiyo uliza kama pasipoti inaweza kurudishwa kwa huduma ya vifurushi, usije ukapanda basi mara mbili.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na muda wake uzidi kwa miezi mitatu siku utakayotoka Ulaya. Picha ni milimita 35 kwa 45, mandhari nyeupe au ya rangi hafifu. Bima ya safari igharimie matibabu na kurudishwa nyumbani kwa kiwango kisichopungua euro 30,000, nayo ianze siku unayoingia na kuisha siku unayotoka. Bima pungufu ya siku moja inatosha kukwamisha faili zima.

Tiketi ya ndege usiilipie kabla ya viza. Kinachotakiwa ni uthibitisho wa nafasi uliyoshikiwa. Hoteli iwe ya kweli: tafuta inayoruhusu kughairi bila malipo, na usiighairi mara tu faili linapopokelewa, kwa sababu ubalozi unaweza kupiga simu hotelini. Kama unafikia kwa ndugu anayeishi kule, yeye ndiye anayeanza, kwa kujaza fomu maalumu ya dhamana na kuithibitisha katika ofisi za huko. Ifike kwako kabla ya miadi.

Pesa ya mavuno na akaunti iliyolala

Hapa ndipo wengi wa Nyanda za Juu Kusini hukwama, na si kwa kukosa pesa. Mkulima wa viazi wa Njombe, wa parachichi wa Rungwe au wa mpunga wa Kyela hupata pesa kwa msimu. Akaunti inalala miezi mitano, kisha siku moja zinaingia milioni kumi na mbili. Kwake hiyo ni hali ya kawaida ya shamba. Kwa afisa wa viza asiyejua kilimo chetu, ni pesa iliyoazimwa kwa jirani ili ionekane benki.

Dawa yake ni kuionyesha njia ya pesa. Kwa kila ingizo kubwa kwenye taarifa ya benki, weka karatasi inayolielezea: hati ya malipo ya chama cha ushirika (AMCOS) au ya kampuni iliyonunua, mkataba wa mauzo, risiti ya EFD, hati ya mzigo uliopakiwa. Piga namba ndogo kwa kalamu kando ya ingizo, na namba hiyohiyo juu ya kielelezo chake. Juu ya yote weka barua ya ukurasa mmoja: unalima nini, ekari ngapi, unavuna miezi gani, unauza kwa nani. Mfanyabiashara wa mbao wa Mafinga aongeze leseni ya biashara, TIN na hati ya kutodaiwa kodi. Kama mauzo yako mengi hupita kwenye simu, anza miezi sita mapema kuyahamishia benki kila wiki, na chapisha pia taarifa ya akaunti ya simu. Taarifa ya benki ya miezi sita ina nguvu kuliko ya mitatu, kwa sababu inaonyesha angalau msimu mmoja.

Sambamba na pesa, onyesha kinachokurudisha nyumbani: barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo, hati ya kiwanja au hati miliki ya kimila, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Vilivyoandikwa kwa Kiswahili vitafsiriwe na tafsiri ithibitishwe. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) hufanya kazi hiyo.

Halafu majina. Tuntufye wa kitambulisho cha NIDA akiwa Tuntufie wa benki, kompyuta inaona watu wawili. Linganisha herufi kwa herufi: NIDA, pasipoti, benki, cheti cha ndoa. Palipo na tofauti, tengeneza hati ya kiapo kwa wakili kabla ya miadi.

Ukipewa viza, isome papo hapo. Ina tarehe mbili, ya kuanza na ya mwisho, na ina idadi ya siku. Vitu hivyo ni tofauti. Kibandiko kinaweza kusema tarehe 1 hadi 30 lakini siku 10 tu. Siku hizo kumi zinahesabiwa pamoja na ya kuingia na ya kutoka. Ukikataliwa, utapewa fomu iliyotiwa alama kwenye sababu. Rekebisha sababu hiyo hasa ndipo uombe tena. Kurudisha faili lilelile ni kulipa euro 90 bure.

Baridi unaijua, ila hii ni nyingine

Mtu wa Makete hahitaji kufundishwa baridi. Kinachomponza Ulaya ni tofauti ya nje na ndani. Januari nje ni karibu nyuzi 1, ndani ya treni na hoteli ni nyuzi 20. Koti zito juu ya fulana moja litakuloanisha jasho ndani ya basi, kisha ukishuka jasho lile linapoa mgongoni. Vaa tabaka: fulana ya mikono mirefu, sweta ya sufu, halafu koti jepesi lisilopitisha maji. Vyote vinapatikana kwenye mitumba kwa bei ndogo kuliko utakavyonunua kule. Koti lijaribu kwa kulimwagia kikombe cha maji begani na kusubiri dakika tano.

Viatu viwe na soli ya meno. Njia za msituni kule ni mawe ya mchanga yenye ukungu wa kijani, na soli laini inateleza kama sabuni. Usiende na viatu vipya. Vivae wiki tatu, pandia navyo Loleza au Gangilonga mara mbili, vikikubana ujue ukiwa bado nyumbani.

Miezi mizuri ni Mei, Juni na Septemba. Juni jua huzama karibu saa 3:40 usiku, kwa hiyo siku moja inabeba matembezi ya siku mbili. Desemba jua huchomoza karibu saa 2:30 asubuhi na kufikia saa 10:40 jioni limeshazama, na baadhi ya vivutio hufungwa majira hayo. Saa za kule ziko nyuma yetu kwa saa moja majira ya joto, na saa mbili majira ya baridi.

Adapta inunuliwe huku: plagi yetu ya pini tatu bapa haiingii, wao wanatumia pini mbili za duara.

Kwenye begi, nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hairuhusiwi, hata nyama kavu ya kuonja. Viazi mviringo haviruhusiwi kabisa, na parachichi halipiti bila cheti cha afya ya mimea. Ndizi, nanasi na nazi vimesamehewa cheti hicho, kwa hiyo ndizi za Tukuyu zinapita. Zawadi isiyo na usumbufu ni kahawa ya Mbozi iliyokaangwa au chai ya Mufindi ikiwa kwenye pakiti yake.

Kufika

Usiunganishe basi la Mbeya na ndege ya usiku huohuo. Lori moja likilala Kitonga, saa sita zimekwenda na tiketi ya ndege imekwenda nazo. Ingia Dar siku moja kabla, hata ukipanda ndege ya Songwe.

Kutoka Dar njia za kawaida ni kupitia Addis Ababa, Doha, Dubai, Istanbul au Amsterdam. Uwanja wa Luxembourg unaitwa Findel. Tiketi ya hadi hapo ikiwa ghali, shuka Brussels upande treni, mwendo wa saa tatu hivi. Viza ya Luxembourg inakuruhusu kuingilia Ubelgiji au Uholanzi, lakini afisa wa mpakani atakuuliza unaendaje huko. Hoteli, bima, tiketi ya kuendelea na ya kurudi viwe kwenye mkoba wa mkononi, vimechapishwa. Simu ikiisha chaji pale huna cha kuonyesha.

Ukifika Findel, tramu inaanzia uwanjani na inapita katikati ya mji hadi stesheni kuu ya treni. Usitafute mashine ya tiketi. Panda, kaa.

Malazi ndiyo gharama kubwa ya nchi hii. Mji mkuu ni mji wa benki na ofisi za Umoja wa Ulaya, kwa hiyo katikati ya wiki hoteli hujaa watu wa mikutano, na mwishoni mwa wiki bei mara nyingi hushuka. Hosteli za vijana hupokea watu wa rika lote. Ile ya mji mkuu iko bondeni Pfaffenthal chini ya ngome, na ya Echternach iko kando ya ziwa. Jumapili maduka mengi yamefungwa, nunua chakula Jumamosi. Maji ya bomba yananywewa, beba chupa. Lugha zao ni Kiluxembourg, Kifaransa na Kijerumani, na Kiingereza kinaeleweka mjini. Lakini ukiingia dukani ukasema "Moien", salamu yao ya kutwa nzima, uso wa muuzaji hubadilika.

Mji na mwamba wake

Mwaka 963 Kabaila Sigefroi alipata mwamba uitwao Bock kwa kubadilishana ardhi na abasia ya Trier, akajenga kasri juu yake. Waliokuja baadaye, Wahispania, Wafaransa, Waaustria, waliongeza kuta hadi mji ukawa miongoni mwa ngome ngumu kuliko zote Ulaya. Chini yake walichimba mahandaki, na kilomita 17 bado zipo. Ya kwanza yalianza 1644.

Anza siku hapo. Ndani ya Bock ngazi ni nyembamba na zinazunguka, dari linashuka ghafla, maji yanadondoka. Vaa sweta hata Julai. Simama kwenye mojawapo ya matundu ya mizinga: ukuta una unene wa hatua kadhaa, tundu linapanuka kuelekea nje, na kupitia hapo unaona bonde la mto Alzette na reli ikipita juu ya madaraja ya matao. Ndipo unaelewa kwa nini ilikuwa vigumu kwa adui kukaribia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mahandaki haya yaliweza kuwahifadhi watu 35,000 wakati wa mabomu.

Boma la Mkwawa pale Kalenga lilivunjwa na mizinga ya Wajerumani mwaka 1894. Ngome hii haikuvunjwa na adui. Mkataba wa London wa 1867 ulitaka Luxembourg isiegemee upande wowote na ngome ibomolewe, na kazi hiyo ikachukua miaka 16. Unachokiona ni mabaki tu, na mabaki hayo pamoja na mji wa kale yako kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1994.

Kutoka Bock fuata njia ya Corniche juu ya ukuta, teremka kwa lifti ya Saint-Esprit hadi mtaa wa Grund, kisha fuata mto bondeni hadi Pfaffenthal. Hapo kuna lifti ya kioo inayopanda mita 71 hadi mjini juu, bure. Mzunguko mzima ni saa tatu kwa mwendo wa kutazama.

Miamba ya Mullerthal

Kama una siku moja tu ya kutoka mjini, iwe hii. Panda basi hadi Echternach, mji wa abasia ya Wabenediktini iliyoanzishwa na Willibrord mwaka 698. Wasafiri wa Songea wanaoijua Peramiho watautambua utulivu wa ua wake. Jumanne baada ya Pentekoste watu huandamana hapo wakirukaruka kwa muziki, wameshikana kwa leso. Desturi hiyo imo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2010.

Kutoka Echternach usianze kutembea. Panda basi lingine hadi Berdorf, kijiji kilicho juu, ndipo urudi kwa miguu ukiteremka. Njia ya Mullerthal kwa jumla ni kilomita 112 katika mizunguko mitatu, na kipande hiki ni cha nusu siku. Fuata alama nyekundu ya herufi M kwenye miti na mawe. Ukitembea dakika kumi bila kuiona, umepotea njia panda ya mwisho. Rudi hadi alama uliyoiona mara ya mwisho, usikate msitu.

Anayezijua nguzo za Isimila atafikiri anajua atakachokiona, kwa sababu hapa pia maji yamechonga mawe ya mchanga. Ila Isimila ni nguzo juani, mchanga mwekundu chini. Hapa ni kuta zilizopasuka ndani ya msitu wenye kivuli, zimefunikwa kuvumwani, na njia inapita ndani ya mpasuko. Kwenye ile iitwayo Labyrinth mabega yanagusa pande zote mbili, begi kubwa inabidi ulivue ulishike mkononi. Hewa ni ya pango. Beba tochi. Mvua ikiwa imenyesha usiku, subiri hadi saa sita mchana mawe yakauke kidogo. Bonde la Wolfsschlucht ndilo la mwisho kabla ya kuona mapaa ya Echternach chini yako.

Siku zilizobaki

Vianden: treni hadi Ettelbruck, kisha basi. Kasri lake lilijengwa kati ya karne ya 11 na ya 14. Mwaka 1820 liliuzwa, na mnunuzi akaliuza vipande vipande, mbao na vigae. Serikali ililikarabati baada ya kukabidhiwa 1977. Picha nzuri hupatikana kutoka ng'ambo ya mto Our asubuhi.

Clervaux ni saa moja kwa treni kuelekea kaskazini. Ndani ya kasri kuna maonyesho ya picha 503 yaliyokusanywa na Edward Steichen, mzaliwa wa Luxembourg, kuhusu maisha ya binadamu toka kuzaliwa hadi kufa. Tenga saa mbili kamili. Hufungwa mwanzoni mwa mwaka.

Schengen ni kijiji kidogo kando ya mto Moselle, mahali Luxembourg, Ujerumani na Ufaransa zinapokutana. Tarehe 14 Juni 1985 nchi tano zilitia saini mkataba wake ndani ya meli iliyotia nanga hapo. Nenda na pasipoti yako. Jina lililochapwa juu ya kibandiko ulichokihangaikia miezi minne ni la kijiji hicho, na hapo unavuka daraja kwenda Ujerumani kwa viza ileile.

Kuvuka huko kwa treni au basi kuna mtego wake: ubure unaishia mpakani. Anayekwenda Trier anahitaji tiketi kuanzia Wasserbillig, anayekwenda Arlon kuanzia Kleinbettingen. Inunue kabla ya kupanda, kwa sababu mkaguzi wa ng'ambo hatasikiliza kwamba ulipanda bure. London na nchi zote zilizo nje ya Schengen usiguse ukiwa na viza ya kuingia mara moja; ukitoka umetoka.

Ukirudi nyumbani, weka pamoja vipande vya tiketi za ndege, risiti za hoteli na nakala ya viza. Alama zako za vidole zinaweza kutumika tena kwa maombi mengine ndani ya miezi 59, na faili la pili lenye ushahidi kwamba ulikaa siku ulizosema na ukaondoka kwa wakati husomwa kwa jicho jingine.